Hatua Hamsini za Baba

Harufu ya mafuta ya cherehani hunirudisha nyumbani haraka kuliko gari lolote. Wenzangu wakiisikia hukumbuka fundi nguo, au mama zao, au mashine ya kanyagio pale barazani. Mimi hukumbuka bunduki. Nyumbani kwetu Maguu hatukuwahi kuwa na cherehani, lakini kichupa cha mafuta yake kilikuwepo siku zote juu ya kabati la Baba, pamoja na kipande cha fulana kuukuu na fimbo nyembamba ya mwanzi aliyoitumia kusukumia kitambaa hicho ndani ya mtutu. Nilikuwa mtu mzima, nimeshaolewa, ndipo nilipogundua kwamba mafuta yale watu hununua kwa ajili ya kushonea nguo.

Mwezi uliopita tulimzika Baba. Matanga yalipokwisha na ndugu wakaanza kurudi makwao, nilibaki na Shangazi Oliva, dada yake, tukipanga vitu vya marehemu. Chini ya kitanda kulikuwa na kopo la biskuti la bati, limefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Nilipolifungua ile harufu ilinipiga usoni, nikajikuta nimekaa sakafuni. Bunduki yenyewe haikuwepo katika nyumba ile tangu nikiwa darasa la nne. Harufu yake ndiyo iliyobaki humo ndani, na pamoja nayo karatasi tatu zilizokunjwa. Nitazifikia hizo karatasi. Kwanza niseme mambo yalivyokuwa, maana nikianzia mwisho nitashindwa kumaliza.

Ninyi wa rika langu mliokulia milimani mnakumbuka jinsi mahindi yalivyolindwa. Tulipiga madebe, tulichoma pilipili, tulisimamisha sanamu zilizovaa makoti ya babu, na ngedere walikaa juu ya vichwa vya sanamu hizo wakitafuna. Upande wetu wote ni Baba peke yake aliyekuwa na bunduki ya leseni. Ilikuwa bunduki ndogo, nyepesi, yenye kitako cha mbao kilichong'aa kwa jasho la shavu lake. Risasi zake zilikuwa nyembamba kama penseli na fupi kama kiungo cha kidole. Aliwahi kunionyesha ganda lililokwisha kutumika, akanigusisha kidole pale pini ilipopiga. Alama ilikuwa ukingoni, si katikati kama kwenye risasi kubwa za bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori. "Hii baruti yake ni kiasi cha chumvi ya ncha ya kijiko," aliniambia. "Usiitegemee kwa mambo makubwa."

Mimi niliitegemea kwa kila jambo. Baba alipotoka na bunduki ile hakurudi mikono mitupu. Kama ni kanga, alirudi na kanga. Kama ni ngedere wa shambani kwa jirani, jirani alikuja jioni na mkungu wa ndizi kushukuru. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba baba yangu hajawahi kukosa tangu azaliwe, na sikuwa nasema uongo, kwa sababu sikuwahi kumwona akikosa. Nilichokuwa sikioni ni kwamba mara nyingi alilenga, akatazama, akashusha bunduki na kurudi nyumbani bila kufyatua. Nilidhani amewahurumia wanyama. Nilimwona mtu wa huruma sana, nikawa namwombea kwenye rozari.

Siku moja aliniomba karatasi kutoka kwenye daftari langu la hesabu. Nilikuwa darasa la tatu. Alichukua kisosi cha Mama chenye ukingo wa kijani, akakifunika juu ya karatasi na kuchora mduara, na katikati akaweka nukta kwa mkaa. Tukashuka hadi kwenye uwazi ulioko chini ya mibuni. Akaibandika karatasi kwenye kisiki, kisha akahesabu hatua hamsini kwa sauti, mimi nikimfuata nyuma na kurukaruka ili miguu yangu iingie kwenye nyayo zake. Alilala kifudifudi, akaegemeza bunduki juu ya gogo, akapiga mara tano kwa utulivu wa mtu anayepanda mbegu. Kisha akanituma nikachukue.

Matundu matano yalikuwa yamekusanyika pamoja. Mama alitoa ile shilingi tano ya zamani, kubwa, yenye pembe, akaiweka juu yake na ikayafunika yote. Alicheka kwa furaha. Karatasi ile ilizunguka kijiji kizima. Mzee Kapinga, jirani yetu ambaye hakuwa mwepesi wa kumsifu mtu, aliishika kwa muda mrefu akitazama mwanga kupitia matundu yake.

"Sasa Baba, ukisimama mbali zaidi?" nilimwuliza njiani siku ile.

"Mbali zaidi ni habari nyingine."

"Kwa nini? Si risasi inakwenda moja kwa moja?"

"Umewaona kaka zako wakikojoa pale juu ya mlima?"

Niliona aibu, nikasema nimewaona.

"Mwanzo unakwenda wanakoelekeza wao. Baadaye unashuka wenyewe. Na mwisho wake unapelekwa na upepo, wakilowa ni shauri lao. Risasi hii ni hivyo hivyo. Halafu kuna jingine: ukinunua boksi hili inapiga hapa, ukinunua boksi lile inapiga pale, na bunduki ni ile ile. Kwa hiyo mimi nina hatua zangu hamsini. Nikijikaza sana, sabini. Hizo nazijua."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Niliwahadithia kaka zangu habari ya mkojo na tukacheka tena. Katika yote aliyosema, hilo ndilo nililolishika. Ile sehemu nyingine, ya kushuka na kupelekwa na upepo, ilinipita kabisa. Kichwani mwangu risasi iliyokwenda sawa hatua hamsini haikuwa na sababu ya kubadili nia ikifika ya hamsini na moja.

Tena kwetu umbali haukupimwa kwa hatua. Nyumba yetu ilikuwa mgongoni mwa mlima, na mbele yake bonde lilishuka kwa ghafla hadi kwenye kijito, kisha likapanda tena ng'ambo, na huko ndiko lilikokuwa shamba la Shangazi Oliva. Kwa miguu, kushuka na kupanda, ungefika umetoka jasho. Lakini mtu akiwa uwanjani kwetu akisema na mtu wa ng'ambo, waliongea vizuri kama wamekaa jiko moja. Tulisema ng'ambo ni sauti moja. Shule ilikuwa sauti tatu. Kanisa lilikuwa mbali, halina sauti. Hivyo ndivyo nilivyoijua dunia, na kwa hesabu hiyo shamba la Shangazi lilikuwa hapo hapo mlangoni.

Mimi ndiye niliyekuwa mwitaji wa nyumba. Chakula kikiwa tayari nilisimama juu ya jiwe lililoko ukingoni mwa uwanja na kuita, "Shangaziii," mara tatu, nikipumua kati ya mwito na mwito, mpaka ng'ambo kuitike, "Eeee." Kazi hiyo ilikuwa na maana kubwa kuliko chakula. Mashamba yetu ni ya ngolo, yale mashimo ya mraba yaliyozungukwa na matuta, na mahindi hupandwa juu ya matuta. Mtu akiinama ndani ya shimo kupalilia, na mahindi yamekwisha kumpita kimo, huwezi kumwona hata ukisimama hatua kumi. Ndiyo maana Baba alikuwa na sheria moja asiyoivunja. Kabla ya kuelekeza bunduki kwenye shamba lolote, aliniambia, "Ita kwanza." Niliita mara tatu kwa sauti yote. Asipoitika mtu, ndipo alilenga. Akiitika mtu, tulirudi nyumbani.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, mchana, mahindi yamekomaa. Wanaume wa ukoo walikuwa wamekaa sengu, yaani pale uwanjani wanapokula pamoja na kuzungumza habari za nyumba zote. Mimi nilikuwa nimeshika jagi la maji ya kunawa. Mzee Kapinga naye alikuwepo, amealikwa. Alikuwa na macho makali kuliko vijana.

"Baba Editha," alisema, "wageni wa dada yako wamefika."

Wote tulitazama ng'ambo. Juu kabisa ya shamba la Shangazi, pembezoni mwa msitu, kundi la nyani lilikuwa linavunja mahindi. Dume moja kubwa limekaa juu ya tuta, linamenya hindi polepole, halina haraka na mtu.

"Nawaona," Baba akasema, akakata tonge jingine.

"Huwapigi?"

"Mbali."

"Mbali wapi? Hiyo ni sauti moja."

"Sauti haina uzito, Mzee wangu. Risasi inao."

Mzee Kapinga alitabasamu akawageukia wengine. "Basi tuseme ukweli leo. Bunduki ya Baba Editha ni ya kuku. Tumekuwa tukiiogopa bure." Wanaume walicheka. Kilikuwa kicheko cha kawaida cha watu walioshiba, hakikuwa na ubaya wowote, na Baba mwenyewe alikuwa anacheka. Mambo yangeishia pale. Kesho yake yangesahauliwa.

"Baba hakosi," nilisema.

Mnajua malezi ya wakati ule. Mtoto wa kike kuingilia mazungumzo ya wazee, tena ameshika jagi, ilikuwa kosa la kufinywa papo hapo. Sikufinywa. Wote walinigeukia, na kwa kuwa walinigeukia nikaendelea. "Hakosi. Aliweka risasi tano ndani ya sarafu moja. Hata pale anaweza. Hataki tu kwa sababu anawaonea huruma."

"Haya," Mzee Kapinga akasema, "shahidi ameshasema."

Baba alinitazama. Nimeurudia mtazamo ule mara nyingi kuliko sala yoyote. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa vizuri na mtoto wake na hataki kumwambia kwamba kuna kosa. Kisha akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na bunduki.

"Shangazi yako yuko wapi?" aliniuliza.

"Amekwenda kanisani kwenye usafi." Mama alikuwa amesema hivyo asubuhi.

"Ita kwanza."

Nilipanda juu ya jiwe. Hapa ndipo penye jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote, wala Mama, wala mume wangu, wala padri. Mwaka uliofuata nilipokwenda kuungama kabla ya komunyo ya kwanza, niliungama sukari niliyoiba na kupiga chafya makusudi kanisani, nikalipita hili kwa mbali. Nilipokuwa juu ya lile jiwe niliwaza hivi: nikiita kama siku zote, nyani watasikia na kukimbia. Baba hatapiga. Wanaume watarudi makwao wakisema bunduki ya kuku, na Jumatatu shuleni nitaambiwa bunduki ya kuku. Kwa hiyo niliita mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mwenzake asiwaamshe wengine. "Shangazi." Nikahesabu moja, mbili. Baba alikuwa ameinama akilaza kinu chini, hakuhesabu miito.

"Hayupo, Baba," nilisema.

Baba alilala chini na kuegemeza bunduki juu ya kinu kilicholazwa. Aliokota vumbi akaliachia taratibu, nalo likaanguka wima, kwani pale uwanjani kulikuwa kumetulia. Lakini chini bondeni majani ya migomba yalikuwa yanapigapiga upande mmoja. Mimi niliyaona. Na kama mimi mtoto niliyaona, Baba naye aliyaona. Alinyanyua mtutu juu ya kichwa cha lile dume, akanyanyua tena kidogo, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akafyatua. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama ukuni mkavu unaovunjwa kwenye goti.

Nyani waliruka. Dume lilidondosha hindi na kutokomea msituni pamoja na wengine, wazima wote. Mzee mmoja akaanza kusema, "Angalau umewaamsha." Hakumaliza. Ukelele ulitoka ng'ambo. Haukutoka kule juu walikokuwa nyani, ulitoka chini sana na pembeni, upande ule majani ya migomba yalikokuwa yanaelekea. Sauti ilifika uwanjani kwetu wazi kabisa, kila neno, kama ilivyokuwa desturi ya bonde letu.

"Kaka, umeniua."

Sijui niseme nini kuhusu dakika zilizofuata. Nakumbuka bakuli la maharage limepinduka. Nakumbuka Baba akishuka bondeni kwa kuanguka, anainuka na kuanguka tena, hana kiatu kimoja. Nakumbuka kwamba nilibaki juu ya jiwe na jagi mkononi, na kwamba nilikuwa nasubiri mtu aniambie nishuke. Hakuna aliyeniambia. Walipompandisha Shangazi kwa machela ya blanketi na miti, walipita karibu yangu nikauona uso wake, umekuwa wa kijivu, macho yako wazi. Damu ilikuwa kidogo. Hilo lilinishangaza kuliko yote, kwamba kitundu kilikuwa kidogo vile.

Hakufa. Walimfikisha hospitali ya misheni na akalazwa mpaka mavuno yakaisha. Risasi ile ya kuku ilikuwa imeingia kwapani, kwenye mkono wa kulia, ikachana huko ndani vitu ambavyo daktari hakuweza kuvirudisha. Wazee walishangaa sana imepataje kuingia kwapani. Walisema labda alikuwa anajifuta jasho. Shangazi mwenyewe alipoulizwa alisema hakumbuki. Tangu hapo mkono ule haukupanda juu ya kifua. Hawezi kuchuma kahawa ya matawi ya juu. Hawezi kujifunga kilemba.

Polisi walikuja wakaichukua bunduki, na Baba akakaa mahabusu siku kadhaa, mpaka Shangazi alipoandikisha akiwa kitandani kwamba ni ajali na kwamba hana la kumdai kaka yake. Baba aliporudi hakuiulizia tena ile bunduki. Sengu ilikaa, maneno yakasemwa, na kila mtu aliyemwuliza kilichotokea alimjibu maneno yale yale: "Nilikosea kukadiria." Miaka yote iliyofuata, kahawa ya Shangazi ndiyo aliyoanza kuichuma, na yake baadaye, hata ile miaka ambayo yake iliiva na kukaukia mtini. Aliendelea hivyo mpaka miguu ilipomkatalia.

Nami nikakua na dhambi yangu. Nilijua kwamba Baba hakuwa na kosa. Alikosea kukadiria, alisema mwenyewe, na binadamu hukosea. Mwenye kosa ni mimi niliyeita kwa kunong'ona, ndiyo maana Shangazi hakusikia, ndiyo maana hakuitika. Nilipomaliza ualimu nikaomba kupangiwa ziwani, nikapelekwa Chiwanda, na watu wa nyumbani walishangaa nimeipendea nini joto lile. Nilipendea kwamba hakuna bonde. Ufukweni ukimwita mtu, sauti inaishia majini, hakuna anayetegemea kuitikiwa.

Sasa turudi kwenye kopo. Karatasi ya kwanza niliifahamu kabla sijaikunjua. Mduara wa kisosi, matundu matano, na nyuma yake hesabu zangu za kugawanya zenye vema nyekundu za mwalimu. Chini Baba alikuwa ameandika kwa penseli ya seremala: Hatua hamsini. Nzuri.

Ya pili sikuwahi kuiona. Nayo ilitoka kwenye daftari langu, mduara ule ule wa kisosi. Humo ndani mlikuwa na tundu moja tu. Mengine yalikuwa yametawanyika chini ya mduara, moja karibu kutoka nje ya karatasi. Hatua mia. Inashuka. Boksi jipya, mbaya kuliko la zamani.

Ya tatu ilikuwa karatasi kubwa ya mfuko wa saruji, imekunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imetoboka. Niliitandaza pale sakafuni. Juu kulikuwa na nukta ya mkaa aliyoilenga. Kutoka pale hadi kwenye tundu la kwanza ulikuwa urefu wa mkono wangu, kiwiko hadi vidole. Matundu yalishuka kwa mshazari kuelekea kushoto, hakuna mawili yaliyokaa jirani. Nilihesabu saba. Na chini, kwa mwandiko ule ule wa taratibu wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: Hatua mia na hamsini. Upepo wa bondeni. Nimepiga kumi. Tatu sijui zilikokwenda. Zaidi ya hapa, hapana.

Saruji ile ilikuwa ya sakafu ile ile niliyokalia, na sakafu ilisakafiwa kabla ya ajali, na baada ya ajali hakukuwa na bunduki ya kujaribia. Kwa hiyo alijua. Alikuwa amejipima hatua kwa hatua, akaandika, akajikataza. Ng'ambo kulikuwa mbali zaidi ya mia na hamsini, mbali sana. Hakukosea kukadiria hata kidogo. Alilala pale nyuma ya kinu akijua kwamba hajui risasi itakwenda wapi, akafyatua, kwa sababu binti yake alikuwa amesema mbele ya watu kwamba baba hakosi. Kisha akaishi miaka yote ile akijiita mjinga wa kukadiria, ili nisije nikajua kwamba ni mdomo wangu uliomlaza chini.

"Shangazi," nilisema. "Baba alijua."

Shangazi Oliva alikuwa kitandani anakunja mashati ya Baba kwa mkono wa kushoto, akiyabana kwa kidevu. Aliinama akatazama ile karatasi ya saruji.

"Hiyo naijua. Aliniletea wodini," alisema. "Akaisoma yote, mpaka pale kwenye zile tatu. Akaniambia, dada, nilijua na nikapiga. Nikamwambia, haya, nimesikia, ikunje."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Yeye ndiye aliyekuwa na haja ya kusema. Alishasema."

Nikaona kwamba sasa ndiyo zamu yangu, na kwamba nisiposema pale sitasema tena. Nilimweleza yote, nikiwa bado sakafuni, kama mtoto. Nyani, Jumatatu shuleni, bunduki ya kuku. Kwamba nilitakiwa kuita mara tatu nikaita mara moja, kwa sauti ndogo, makusudi. "Ndiyo maana hukusikia, Shangazi. Nilikuita ili usisikie."

Aliliweka shati chini.

"Nani alikuambia sikusikia?"

Nilimtazama.

"Nilikuwa nimerudi kanisani kwa njia ya chini," alisema. "Nimeinama ndani ya ngolo, natoa magugu. Nikasikia 'Shangazi'. Mara moja. Bonde lile, Editha, unadhani kuna kunong'ona mle? Nikajua ni wewe. Nikangoja mwito wa pili, haukuja. Nikasema moyoni, mtoto huyu ana nini leo, sauti imekuwa ndogo hivi, au anaumwa? Nikainuka."

"Ukainuka," nilisema.

"Nikainuka nikuitikie."

Nilianza kuhesabu bila kutaka, kama hesabu za nyuma ya ile karatasi. Ningeita kwa nguvu mara tatu, angeitika na Baba angerudisha bunduki ndani. Nisingeita kabisa, angebaki ameinama na risasi ingempita juu ya mgongo, ikaenda kule zilikokwenda zile tatu. Niliita kiasi cha kumwinua tu. Miaka yote nimejilaumu kwamba hakunisikia.

"Kwapani," nilisema. "Wazee walikuuliza ukasema hukumbuki."

"Ulikuwa mtoto," Shangazi alisema. "Ungeambiwa ungefanya nini?" Alijaribu kunyanyua mkono wa kulia, ukafika kifuani ukasimama hapo, kama unavyosimama siku zote. "Mahindi yalikuwa yamenizidi kimo. Nikaona hutaniona. Nikaunyanyua juu. Nilikuwa nakupungia."

Kilemba chake kilikuwa kimelegea na kuangukia shingoni. Hakuomba, lakini nilisimama nikakichukua, kwa kuwa mwenyewe hawezi. Nilifunga kikafunguka, nikafunga tena kikafunguka, kikakaa mara ya tatu.